Nyonga

Jumamosi ya kwanza sikuugusa mpira.
Shebwana alinivusha hadi Likoni, akaninunulia
mahamri mawili, yamefungwa kwa karatasi
ya hesabu za mtoto wa mtu, zote zimekosewa.
Akanisimamisha ukutani, pale abiria wanapomwagika.
"Umazi, glavu tia mkobani. Leo wadaka watu.
Yule wa kanzu ya samli: kushoto ama kulia?"

Kulia, nikasema. Akashika kushoto, kwenye mihogo.
Mama wa leso ya korosho? Kushoto. Akaenda kulia.
Kijana wa godoro kichwani?
Huyo alisimama, akageuka, akarudi kivukoni.
Hilo sikuwa nimelifikiria.

Kati ya hamsini nilipata ishirini na wawili.
Shilingi ya kurusha ingenishinda.
"Wawatazama nyuso," akasema, mafuta ndevuni.
"Uso una adabu, na mato yana uwongo wake.
Tazama nyonga. Nyonga haina haya:
yenda inakokwenda, mwenyewe aambiwa baadaye."

Jioni, uani kwake Sparki, mipira ya tenisi
iliyokwisha manyoya. Kila mmoja kauandika herufi
kwa ile kalamu anayoandikia makasha bandarini.
Arusha. Nisome kwanza, kisha nidake.
Jimu! Nuni! Kafu!
Mimi niliyebatizwa Rabai
nikajua alifu hadi ye zikinijia puani kwa kasi.
Bibi akanisikia usingizini nikitaja herufi,
asubuhi akauliza, bila hasira,
nimesilimu lini.

Usiku kulikuwa na zoezi la kulala chali sakafuni.
Taa imezimwa. Penalti kumi, kichwani tu.
"Weka vumbi," alikuwa ameniagiza. "Weka jua la saa tisa.
Weka na matusi, usiyachuje, hata la mamako."
Nikayaweka yote. Penalti ya nne
kila usiku ilinipita, hata ndani ya kichwa changu,
goli nililolijenga mimi, mpigaji niliyemzaa mimi.
Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.
"Basi umeanza kucheza kwa haki."

Wiki ya saba, kivukoni: arobaini na mmoja.
Akaandika kwenye daftari lake la safu mbili,
*kuona* huku, *kudaka* kule,
akalifunga kana kwamba nimemkopa.

Kisha Mtongwe. Sare. Penalti.
Mtu nyuma ya goli langu na sufuria na mwiko,
akipiga, akiniita mlango wa choo.
Naligusa chuma la kushoto: yaliyopita yamepita.
Pumzi moja. Pumzi ya pili nimeisahau.

Wa kwanza, kulia. Niliona. Nikachelewa.
Wa pili, kulia tena. Niliona. Nikapangua,
vumbi likaniingia mpaka kwenye magego.
Wa tatu, wa nne: niliona, niliona.
Akaja Mghoi, mrefu, soksi moja imeshuka,
akaitazama pembe ya kushoto
kama mtu anayetazama nyumba yake.
Sikuinunua. Mguu wa kusimamia ukatua, nyonga ikafunguka,
na muda ukawa mwingi, mwingi wa kutosha kusoma
herufi ambayo haikuandikwa juu ya mpira.
Kulia. Nilikwisha ruka naye hajapiga.
Ukanigusa ncha za vidole viwili,
ukapiga chuma kwa ndani,
ukaingia.

Kivukoni tukirudi hakuna aliyeongea.
Shebwana akafungua daftari gotini.
Kuona: tano. Kudaka: moja.
Akaitazama ile tano muda mrefu.

Ngazi iliposhuka upande wa kisiwani
alisema anakwenda kununua tambuu, tutangulie.
Wauza tambuu wako kulia.
Alikuwa hatua tatu mbele yangu, mkoba wa mipira begani,
nami nikaiona nyonga yake ikifunguka kushoto,
kwenye ukuta mtupu, pasipouzwa kitu.

Nikageuka kabla hajageuka.
Nikawaambia wenzangu, tazameni kule,
yule wa godoro, mnadhani atapita wapi?