Tano Kamili

Nilitaka tano. Tano kamili,
si nne nukta nane, si nne nukta tisa;
gigahazi tano za kumwambia Shebwana
atakapopita kuchukua waya wake wa chaja
na kujifanya hakuja kuchungulia.

Prosesa ilitoka kiwandani na adabu zake.
Mimi ndiye niliyeingia kwenye mipangilio usiku,
nikaipandisha ngazi, nikaiongezea volti,
nikaipandisha tena, kama mtu anayempakulia mgeni wali
bila kumtazama usoni.

Ikawaka. Nikajipigia makofi.
Harusi ya Mwanamkuu, saa sita za picha,
ikaenda upesi kama nazi laini mbuzini.
Bibi harusi akainua mkono wenye piko,
skrini ikawa buluu.

Si buluu ya bahari. Msinidanganye na bahari.
Buluu ya sare ya askari anayekwambia rudi nyuma.

Basi nikafungua daftari la hesabu,
maana mkono usioandika hurudia kosa lile lile.
Ijumaa usiku: mzigo mzito, saa nane mfululizo. Haikufa.
Jumamosi, saa nane mchana: ilikufa dakika ya kumi na moja.
Jumamosi usiku: hai mpaka adhana ya alfajiri.
Jumapili, saa nane na robo: ilikufa bila hata buluu, giza tu,
feni zikizunguka kama watu wanaoendelea kula
mwenye shughuli amezirai.

Nililaumu joto. Nani asingelilaumu joto,
Februari, Guraya, orofa ya nne, chini ya mabati?
Nikaifungua mbavu. Vumbi na chumvi
vimeshikana kwenye mapezi ya kipozaji
kama ukoko. Nikakwangua kwa mswaki,
nikatia grisi mpya, tone moja, kiasi cha choroko.
Nyuzi zikashuka kutoka tisini na sita hadi themanini na moja.
Jumatatu, saa nane mchana: ilikufa na ubaridi wake.

Nililaumu kumbukumbu. Nikavitoa vijiti vyote viwili,
nikarudisha kimoja, nikakipima, nikaleta ndugu yake.
Havina hatia. Nikaviomba radhi kwa sauti.

Nililaumu volti. Nikaongeza chembe. Ikafa.
Nikaongeza nyingine, nikasikia harufu
ambayo fundi hapendi kuisikia.
(Kitu kimoja kwa wakati mmoja, Mwanasha.
Ukigusa viwili hutajua kilichokuponya.)

Jumanne nikaketi kuingojea saa nane
kama anayemngojea mwizi kwa jina lake.
Huko chini Katana alirudi kula,
akavaa miwani yake myeusi,
akagusa chuma kwa fimbo ya kuchomelea,
na taa yangu ikakonyeza.
Mara moja. Mara mbili. Mashine ikazimika.

Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni.
Siku tano naipekua prosesa mifukoni,
kumbe ni umeme unaochechemea,
waya mmoja, mita moja, geti la mtu wa Nyali
linaungwa kwa pumzi ya mashine yangu.
Nikamshushia Katana chai,
tukapatana: yeye mchana, mimi usiku.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini usiku wa Jumatano, umeme umetulia kama maji ya mtungi,
saa kumi, jaribio likaripoti kosa moja.
Haikuzimika. Haikulalama. Ilijumlisha vibaya,
mara moja tu, ikaendelea na uso mkavu.
Hilo lilinitisha kuliko buluu zote.
Ningemkabidhi Mwanamkuu harusi yake
na mahali fulani, sekunde moja,
uso wa nyanyake umevunjika vigae vya kijani,
nyanya aliyezikwa wiki mbili baadaye,
asiye na picha nyingine ya kucheka.

Nikarudi kwenye mipangilio. Nne nukta nane.
Volti nikaipunguza. Nikalala.

Asubuhi hakuna kosa. Harusi imekamilika,
nyanya mzima, anakula halua, anafuta vidole kwa leso.

Shebwana akapita kuchukua waya wake.
"Ngapi?" akauliza mlangoni, viatu mkononi.
Nikatazama daftari, kurasa kumi na nne za vifo.
"Tano," nikasema.
Ulimi nao una kasi yake
ambayo bado sijaipima.