Darasa la Nne, Walukuba

Redio ilisema: kila mtu akae nyumbani kwake.
Sisi wa barazani tukatazamana.
Kirunda akaniuliza, wewe kwako ni ngazi ya ngapi?
Nikamjibu, ya tatu, ile isiyovuja.

Kabla ya saa moja jioni
lori lilitukusanya pamoja na maboksi yetu
likatumwaga katika shule isiyo na watoto.
Mimi nikaangukia darasa la nne.
Ndilo nililoliacha miaka thelathini nyuma
kwa deni la karo na daftari moja.
Nimelirudia kwa gari la serikali.

Ubaoni tarehe haikufutwa: Ijumaa, ishirini Machi.
Chini yake hesabu, mwandiko wa mwalimu mwenye haraka:
Gari la moshi linatoka Jinja saa mbili asubuhi,
kilomita arobaini kwa kila saa.
Tororo ni kilomita mia moja na ishirini.
Litafika saa ngapi?

Bi Namukose alichora visanduku sakafuni kwa chaki,
hatua mbili baina ya mkeka na mkeka,
na ndani ya kila kisanduku, jina.
Langu likakaa karibu na dirisha.
Sijawahi kuwa na mahali penye jina langu.
Usiku niliupapasa mstari ule kwa kidole gumba,
taratibu, nisije nikaufuta.

Lakini kikohozi hakijui chaki.
Mzee Okware alipokohoa, tuligeukia ukuta sote.
Alikuwa akikohoa tangu enzi za kiwanda cha nguo,
pamba ya miaka ishirini imo kifuani mwake,
alituapia hivyo, mkono juu.
Waliovaa meupe walipomchukua hakupewa nafasi ya kuaga.
Kisanduku chake kikabaki na jina, bila mkeka.
Tulikizunguka. Hata watoto wa Nakiru walikizunguka.

Posho na maharage. Maharage na posho.
Uji wa maziwa siku ile wageni walipokuja na kamera.
Nje ya mlango ndoo yenye bomba,
na sabuni iliyofungwa kamba kama mbuzi.
Nawa. Kaa. Nawa.
Langoni askari humwuliza kila anayechungulia:
unakwenda wapi?
Miaka mingi imepita, hakuna aliyetaka kujua.

Nakiru alikuwa akifagia nafaka zilizomwagika
kwenye maghala ya Masese, akipepeta mchanga apate chakula.
Hakusoma. Alitaka nimsomee ubao.
Nikamsomea, nikapiga hesabu kwa njiti za kiberiti,
siku mbili, maana kugawanya kulinitoka zamani.
Nikatangaza: saa tano kamili.
Akacheka hadi barakoa ikamtelezea kidevuni.
"Mjinga we! Usafiri umepigwa marufuku.
Halijatoka hilo."
Darasa zima likaangua kicheko,
askari akagonga bati kwa rungu,
tukazidi kucheka.

Mwezi wa kumi wakasema watahiniwa wanarudi.
Kila mmoja kipande cha sabuni, barakoa moja, asante.
Mwalimu akaja na kitambaa chenye maji.
Alianza na ubao: tarehe, gari, kilomita.
Halafu akapiga deki.
Nilisimama mlangoni na boksi langu
nikiliangalia jina likigeuka maji meupe,
likipita chini ya kiatu changu kuelekea mferejini.
La Okware pia.

Ngazi yangu ya tatu, mwenye duka ameipigilia
vyuma vyenye ncha.
Kirunda akasema twende stesheni ya zamani.
Jana tulilala huko, watu sita,
hatua mbili baina ya boksi na boksi.
Hakuna aliyetuamrisha.

Usiku wa manane nilidhani nimesikia reli ikilia.
Nikaanza kuhesabu.