Daftari la Jikoni

Ukurasa wa kwanza niliandika: habasoda,
kijiko cha chai, alfajiri, kabla hajasema na mtu.
Kisha nikakata maneno ya mwisho. Azzan hasemi.
Ana miaka sita. Hukusanya kandambili zetu mlangoni
na kuzipanga zote zilitazame friji.

Daktari wa Maskati alisema: usonji,
akalitamka polepole, kama mtu anayetua mtungi.
Mundhir akaendesha hadi Rustaq bila redio.
Tulipopita Nakhal akasema,
"Mama yangu, enzi za Pemba, angempikia kitu."
Basi nikampikia.

Asali ya mlimani, riyali thelathini chupa.
Maziwa ya ngamia kutoka kwa Bedui wa Adam,
yangali na povu na unywele mmoja.
Ubani wa Dhofar uliolala majini usiku kucha.
Kombe la zafarani, aya ikiyeyuka sahanini.
Wifi yangu Thuraya akaleta mafuta ya samaki,
na mtu wa Ibri akatuma unga asiotaka kuutaja jina.
Huo niliumwaga.
Vingine nilivificha.

Ndani ya uji. Chini ya samli.
Kwenye tende niliyoitoa kokwa, nikaijaza,
nikaifunga kwa kidole, kama mwizi anayerudishia komeo.
Naye ana ulimi usiopitwa na kitu.

Rajabu akaacha uji.
Shaabani akaacha tende.
Ramadhani, nyumba nzima ikifuturu,
mwanangu alikula biskuti za dukani tu,
pakiti aifungue mwenyewe, aigeuze,
apitishe kidole kwenye mshono
ahakikishe hakuna aliyemtangulia.
Mshono ule ulinisuta kuliko ulimi wa mtu.

Nilidhani namtibu. Kumbe namfundisha
kwamba mkono wa mama una kitu ndani.

Nikaandika: Mfungo Mosi, tarehe tisa: hakuna.
Kesho yake: hakuna.
Nikachoma chapati mbele yake,
unga, chumvi, maji, nikamwonyesha viganja.
Nikamega, nikala. Nikaacha sahani,
nikaenda kukunja nguo ambazo zilikwisha kunjwa.
Alinusa, akaondoka.
Siku ya pili alinusa pande zote mbili.
Siku ya kumi na moja Mundhir aliniita kwa jicho:
kijana kasimama kando ya jiko,
shavu limejaa, anatazama feni.
Sisi tukageukia ukuta, watu wazima wawili,
tukaisoma kalenda ya benki kana kwamba ina habari.

Alhamisi tunampeleka kwa mwalimu Rawdha,
anayekaa naye sakafuni na kadi za picha.
Kadi aliyoishika kwanza ni ya "sitaki".
Leo ameniletea mara nne.
Naipokea kama barua ya mtu wa mbali.

Ubani bado nafukiza, lakini si dawa tena:
anapenda kuutazama moshi
ukishindwa kuamua pale dirishani.
Ngamia wa Adam kazaa, nasikia. Ndama wake anyonye.
Daftari limebaki na kurasa nyingi.
Naandika bei ya vitunguu.