Kilichomo Nguoni

*Lowell, Massachusetts*

Kezia alikuta ukucha ndani ya pamba,
wa kidole kidogo,
mzizini damu kavu, rangi ya kutu.
Akautia mfukoni, akaendelea kuunga nyuzi,
maana msimamizi hahesabu vidole, huhesabu dakika.

Wa nani? Robota lilisema Natchez,
likasema ratili mia nne na tisini.
Halikusema zaidi.

Walichofuma kilikuwa kitambaa kigumu,
cha kijivu, cha kukwaruza ngozi.
Kilirudi Kusini kwa meli ileile
kuwavika waliochuma.

"Huku kwetu hakuna mtumwa," alihubiri mchungaji,
shati lake jeupe pe.
Kule nako wakajibu: basi tembeeni uchi.
Mtande huku, mshindio kule,
miaka themanini kwenye kitanda kimoja cha mfumi,
na kila upande ukivuta
ukidai mwenzake ndiye fundo.

Aprili nguo ikapasuka.
Haikufuata mshono.

Asaheli, mdogo wake, akajiandikisha kwa miezi mitatu:
"Nitarudi kabla matufaha hayajaiva."
Usiku kucha Kezia akamshonea koti la buluu,
na begani, kati ya bitana na kitambaa,
akaficha ule ukucha.
Hakumwambia.

Matufaha yameiva mara mbili.
Viwanda vimenyamaza, pamba haiji.
Imekuja barua, imekunjwa mara nne, ina tope la Virginia:

*Dada, viatu vimeoza. Enoki wa jirani tumemzika Jumanne.
Mimi mzima,
ila kuna kitu begani kinanichoma.
Ulisahau sindano?*