Mtaimbo Mtupu

Mimi Zdzisław, dereva wa tramu hapa Łódź,
niliyenyanyua kilo mia mbili
asubuhi ya ndoa yangu,
leo nimeshika mtaimbo mtupu,
kilo ishirini,
na mikono yatetemeka kama ya mwizi wa mara ya kwanza.

Wiki ya kumi na nne.
Tumbo wamelipunguza, wakaniachia kifuko
kama ngumi ya mjukuu wangu.
Vijiko vitatu vya mtindi, nikashiba.
Mkanda wangu wa ngozi, ule wa zamani,
wanizunguka mara mbili, haushiki kitu.

“Polepole,” asema Otylia, binti wa zamu,
aliyezaliwa mwaka nilioacha mazoezi.
“Mara tano tu.”

Nje theluji. Kwenye kioo
ngozi ya mkono imening’inia,
shati lililosahauliwa kambani;
aliyelivaa simdai, wala hanidai.

Nainama. Nainuka. Nayumba.
Wanasema debe tupu haliachi kutika;
mimi kwa kazi najua
behewa tupu huyumba kuliko lililojaa,
ila hufika.

Magoti yalia. Makovu matano,
madogo kama vifungo, yavuta.
Tatu. Nne.
Tano.

Otylia kageuka kujibu simu.
Ya sita naiiba.