Mizani ya Mihayo

Jioni ya mnada, kikundi chetu kiko nje ya ghala, Ilolangulu.
Mihayo kavaa koti la karani,
tumbo ni mto wa pamba,
kalamu bua la mtama.
Anapima tumbaku:
robota zima, kilo mbili!
"Zilizobaki ni umande," anasema,
na goti lake linabeba robota kwa chini.

Bi Nyanzala alicheka mpaka togwa ikamtoka puani.
Karani mwenyewe, benchi la mbele,
alipiga paja, akamuuliza jirani:
"Huyu wanamwigiza nani?"

Mto ukachanika.
Mihayo akaokota pamba yake
akaipima nayo.

Kesho yake, ghalani,
goti la karani lilipopanda tu,
kitoto kimoja kikasema, kwa sauti ndogo:
umande.