Saa ya Elfu Moja na Mia Tatu

Wuhai, zamu ya usiku. Vumbi la makaa ya mawe
limeingia hadi kwenye chai.
Naandika: joto, nyuzi mia na themanini.
Saa ya elfu moja na mia tatu
na kichocheo bado kinapumua.

Ndani ya bomba umelala mkaa wa vifuu vya nazi
ulioletwa kutoka Hainan, wenye vishimo visivyohesabika,
na katika kila kishimo Qiu Manyun ameketisha
chembe ya dhahabu. Moja tu.
Ndogo, hata neno "ndogo" linaipwaya.
Asetilini inapita, asidi inapita,
chembe huziozesha, kisha hubaki pale pale,
mshenga asiyeoa.

Eti kidole kimoja hakivunji chawa.
Hapa ndicho kivunjacho.
Hapa umoja ndio maradhi: joto likizidi
chembe hutamaniana, husogeleana,
huwa donge linalong'aa,
zuri kama pete, bure kama kokoto.
Bomba la kwanza lilikufa siku ya tisa.
Manyun alilipasua, akautazama uzuri ule,
akatukana.

Sasa ametia salfa kwenye mkaa, vigingi,
kila chembe na kamba yake.

Kabla ya dhahabu ilikuwa zebaki.
Rahisi, tiifu, haikudai chochote.
Iliondoka kidogo kidogo na mvuke
ikahamia kwa baba.
Hasbagana, aliyeweza kumtia farasi hatamu gizani,
hupewa kikombe nusu
maana kikombe kizima hakifiki kinywani.
Kila Jumapili huniuliza:
"Hiyo yenu mpya imekaa siku ngapi?"
Hamsini na nne, baba.
"Zebaki imekaa miaka ishirini na sita," hujibu,
na hasemi habari za bomba.

Saa kumi alfajiri mshale unashuka,
tisini na saba, tisini na sita.
Nampigia Manyun. Hakuwa amelala.
Nasikia kijiko kikigonga bakuli, kisha kimya.
"Usiongeze joto," anasema. "Hata kidogo.
Wakikuuliza mbona uzalishaji umepungua,
waambie ni mimi."

Naondoa mkono kwenye vali.
Nje, malori ya chokaa yanapanga foleni
na mji wote unasubiri mabomba yake ya plastiki.
Tisini na sita. Tisini na sita.
Naandika saa ya elfu moja mia tatu na moja,
kwa mwandiko ulionyooka,
nikiziomba mle gizani zisijuane,
kila moja mahali pake, peke yake.